Sabuni Waliyoijibu Uwanjani

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa langu si la juzi. Nilimsingizia mtu ambaye hakunifanyia lolote ila wema, na aliponishukuru kwa mdomo wake mwenyewe, nikapokea shukrani. Jina langu naomba nilifiche. Watakaonitambua hapa Kindu wanitambue tu, nimechoka.

Kilichonisukuma kuandika ni redio. Mwezi uliopita redio moja ya hapa mjini iliwaomba wasikilizaji wapige simu na kuimba matangazo ya zamani ya televizyo, yale ya wakati wa Zaire. Watu wakapiga! Mmoja akaimba la bia, mwingine la maziwa ya unga, mwingine la betri. Kisha baba mmoja akaimba la Mirela, sabuni ya kufulia. Mtangazaji akacheka, akauliza kama watu bado wanaikumbuka ile siku ya uwanjani. Simu zikamiminika, kila mmoja na kicheko chake.

Hakuna hata mmoja aliyemtaja baba Kasereka. Nikazima redio nikalia, mimi mwanamke mwenye wajukuu.

Wacha nianze mwanzo. Siku zile kila ofisi, kila shule, kila mtaa ulikuwa na kikundi chake cha animasyo. Vijana hamtajua. Kazi yake ilikuwa kuimba na kucheza kwa kumsifu Kiongozi na chama, na chama kilikuwa kimoja tu, ukitaka usitake wewe ni wake tangu tumboni mwa mama yako. Mkubwa akija, mnapangwa juani na vitenge vyenye picha ya Kiongozi, mnatikisa viuno mpaka aondoke. Mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji wa mtaa wetu. Nilikuwa na sauti, na kiburi cha sauti nilikuwa nacho pia.

Baba Kasereka alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Butembo. Kanisani kwake walimwita Yonasi, lakini majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo dukani alikuwa Kasereka tu. Aliuza chumvi, vitambaa, sabuni, samaki wakavu. Na alikuwa na televizyo, ya pekee mtaani, pamoja na mashine ya umeme iliyonguruma nyuma ya nyumba. Jumapili mchana, akitoka ibada, aliigeuza ile televizyo ielekee dirishani, akafungua madirisha yote, na mtaa mzima ukakaa uani kwake. Mkewe, mama Katungu, alitutandikia mikeka. Sikumwona hata siku moja akimfukuza mtu.

Picha zilikuja na kukatika. Hotuba, mpira, hotuba tena. Sisi tulikuwa tunangoja tangazo la Mirela. Mwanamke anafua mtoni, na sauti ya mwanaume asiyeonekana inamuuliza kwa Kilingala: mama, nani amekung'arishia nguo? Ngoma inapiga mara tatu, pa, pa, pa. Halafu watoto wanajibu: Mirela! Kilingala hatukukijua sana, huku kwetu ni Kiswahili, lakini lile swali na lile jibu hata bibi asiye na meno aliyajua. Pale uani tulijibu kabla ya watoto wa televizyo. Baba Kasereka alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi.

Basi ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa chama anatoka Bukavu, na vikundi vyote vitaimba mbele yake uwanjani. Tulipewa siku tano. Sekretari wa chama wa mtaa wetu akaniita, akasema anataka wimbo mpya na sauti mpya, maana mara ya mwisho kikundi cha ng'ambo ya mto kilitushinda.

Nikatafuta siku tatu. Nikifungua mdomo, inatoka Mirela. Nikiifukuza, inarudi Mirela. Siku ya nne nikasema liwalo na liwe. Nikaondoa mama na nguo zake, nikaweka nchi: Zaire, nani amekuinua? Pa, pa, pa. Na pale pa jibu nikaweka jina la Kiongozi. Likakaa sawasawa.

Shabani, mpiga ngoma wetu, alisimamisha mikono akaniangalia.

"Dada, hii si ile ya sabuni?"

Nikamjibu kwamba wakubwa hawafui nguo, watajulia wapi. Wanawake wakacheka. Wimbo waliushika kwa saa moja, na mimi mjinga nikajisifu! Sikujiuliza kwa nini umekuwa mwepesi hivyo.

Siku yenyewe uwanja ulijaa, kwa sababu shule zilifungwa na maduka yakaamriwa kufunga. Mkubwa alikaa chini ya turubai na abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, na miwani myeusi. Zamu yetu ikafika. Nikatoka mbele, nikaachia sauti: Zaire, nani amekuinua? Shabani akapiga pa, pa, pa.

Wanawake wangu wakajibu jina la Kiongozi, kama tulivyofundishana. Lakini watoto waliokaa chini pale mbele walikuwa wamejibu kabla yao. Hawakuwa na nia mbaya, mdomo ulijiendea wenyewe: Mirela!

Ningeacha pale pale. Lakini kukatiza wimbo wa Kiongozi nako kulikuwa kosa, na nilikuwa na beti tatu mbele yangu. Nikauliza, nani ametuletea amani? Akina mama, wanafunzi, wauzaji wa soko, hata askari mmoja niliyemwona kwa macho yangu, wote: Mirela! Nani baba wa taifa? Mirela! Watu walishaanza kuelewa wanachokifanya, hofu ikawaingia, lakini kicheko kilikuwa kimetoka na hakirudi. Mkubwa hakucheka. Alivua miwani, akamwinamia sekretari, akamwambia kitu kifupi.

Tulipotoka uwanjani nilichukuliwa mimi peke yangu. Kilikuwa chumba chenye meza, sekretari, na wanaume wawili nisiowajua. Nawaambia ukweli: hakuna aliyenigusa. Sikupigwa hata kofi! Walinipa kiti. Mara nyingi nimetamani wangenipiga, leo ningekuwa na la kujitetea.

Mmoja wao akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, hii sauti ya wimbo, nani alikupatia?"

Ningesema ni mimi, nimeitoa kichwani mwangu. Pengine wangenifunga. Pengine wangeniona mpumbavu tu, wakaniondoa kwenye kikundi. Sijui, na sitajua kamwe. Nilimfikiria mama yangu mzazi, aliyekuwa ananitegemea. Na nilifikiria jingine, na hili ndilo la aibu zaidi: nikimtaja mtu wa hapa, ndugu zake watanijia mlangoni. Baba Kasereka alikuwa mtu wa kuja, ukoo wake uko mbali, nani angemlilia?

"Ni baba Kasereka," nikasema. "Njo yeye aliniambia niweke ile sauti, juu watu wakumbuke sabuni yake."

Wakaandika. Nikatia sahihi. Wazee husema mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha jirani yangu.

Walimchukua kesho yake asubuhi, akiwa anafungua duka. Televizyo nayo ikachukuliwa, eti ni ushahidi. Mali ya dukani iliisha kwa siku mbili mikononi mwa wale wale waliotumwa kuilinda. Mama Katungu akabaki na nyumba tupu, na mtaa uliokuwa ukikaa kwenye mikeka yake ukaanza kupita upande wa pili wa barabara.

Nami nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Nikaanza kumpelekea chakula. Kila baada ya siku moja, sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, na wali, nikipata samaki naweka samaki. Alikuwa akinishika mikono yote miwili na kuniombea kwa Mungu. Jamani! Hakuna mzigo wa kuni niliowahi kubeba ukanilemea kama ile sufuria. Lakini sikuacha kupeleka, na animasyo nayo sikuacha, kwa sababu walinirudishia kikundi changu na kunisifu mbele ya watu kwamba nimelisaidia taifa.

Shabani peke yake alikataa kunipigia ngoma. Alijua wimbo ulitoka wapi, wanawake wote walijua, ila wao waliendelea kuimba na yeye akashindwa. Hakunitukana wala hakunisema popote. Aliweka ngoma chini, akaenda Pangi kuchimba madini, sikumwona tena.

Baba Kasereka alikaa ndani miezi minane. Aliporudi sikumtambua. Sikio moja lilikuwa halisikii tena, na akikohoa alishika ubavu kwa mkono. Akaamua kurudi kwao pamoja na mkewe, kwa lori la njia ya Lubutu. Siku moja kabla ya safari alikuja kwetu, mchana, anatembea polepole na fimbo, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nikajua amekuja kunidai ukweli. Na nilikuwa tayari kuusema, haki ya Mungu nilikuwa tayari!

"Dada," akasema, "bantu yote walikimbia nyumba yangu. Weye peke njo uliendelea kukuja. Mama Katungu ameniambia."

Nikainamisha kichwa.

"Ulikuwa pale uwanjani. Unajua muntu gani aliwapatia jina yangu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu, ndugu zangu. Hapakuwa na askari wala karatasi ya kutia sahihi. Tulikuwa mimi na yeye na kuku wa mama yangu.

"Hapana, baba," nikasema. "Sijui."

Akaitikia taratibu. "Basi. Mungu iko anamujua."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa mche mmoja wa Mirela. Sijui ulinusurika wapi waliposomba duka lake. Akaniambia hana kingine cha kunishukuru nacho, akanipa kwa mikono miwili. Na mimi nikapokea kwa mikono miwili, nikasema aksanti!

Hakufika Butembo. Lori lilikwama kwenye matope siku nyingi, kifua kikambana, akafia Lubutu. Akazikwa huko huko, kati ya watu wasiomjua. Habari tuliletewa na dereva, na mtaani wakasema maskini, alikuwa mtu mwema. Nami nilikuwa nimesimama pale, nikasema hivyo hivyo.

Ile sabuni niliificha chini ya nguo zangu, sikuweza kuitumia na sikuweza kuitupa. Mama yangu akaikuta, na kwa kuwa sikumweleza lolote, akaikata na kufulia kitenge changu cha animasyo. Nilirudi nyumbani nikakikuta kambani, safi, kinanukia, uso wa Kiongozi unang'aa. Mkubwa mwingine alipokuja nikakivaa, nikaimba.

Mtauliza kosa hili limenigharimu nini, maana sikufungwa na sikufukuzwa popote. Nawajibu. Sauti ile niliyoringa nayo imekuwa adui yangu. Nikianza kusali, kabla ya amina inakuja pa, pa, pa, na ninajikuta nangoja jibu. Nilizaa watoto wanne, na sikuweza kumwimbia hata mmoja alale. Mume wangu alikufa akiamini alioa mwanamke mwema, kwa sababu ya hadithi ya sufuria za sombe ambayo mtaa mzima unaijua. Wananisifu nayo mpaka leo! Kwenye misiba wananitolea mfano kwa wasichana.

Ninyi mnaosoma, nawaonya. Animasyo imekwisha, chama kimekufa, nchi imebadilishwa jina. Lakini kile chumba chenye meza na kiti bado kipo, kazini, kanisani, hata sebuleni kwa wakwe. Siku wakikuita na kukuuliza ni nani, na ni wewe, sema ni mimi. Sema siku hiyo hiyo. Usijidanganye kwamba utasema kesho akiwa peke yake, kwamba utasema akipona. Na usijaribu kulipa kwa chakula. Anayekula anazidi kukupenda, na kadiri anavyokupenda ndivyo mdomo wako unavyozidi kufungwa.

Mama Katungu yuko hai. Madereva wanaotoka Butembo huniletea salamu zake kila mwaka. Wanasema amezeeka na macho hayaoni vizuri, lakini akisikia kuna mtu anakuja Kindu anatoka mpaka barabarani kumwambia anisalimie, mimi dada wa sombe.

Mama Katungu, naomba mtu akusomee maneno haya polepole. Dada wa sombe njo alimuuza bwana yako. Usinitumie salamu tena.