Jina la Cheti la Bina

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama siku zote, Ernestine alilalamikia chumvi.

"Cyrus, huu uji umeutia chumvi mara mbili."

"Mara moja."

"Basi mkono wako umekua."

Akaula wote. Akapangusa meza kwa kiganja, akafungua kompyuta yake, na Cyrus Chisolm akatoka kwenda kupalilia sukuma wiki. Kutoka bustanini alimwona dirishani, miwani kwenye ncha ya pua, midomo ikihesabu. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi moyo wa Ernestine ulisimama. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Kwa miaka thelathini na minne Ernestine alikuwa amepika katika jiko la shule ya kisiwani. Alipostaafu, maktaba ikatangaza darasa la bure la kuchambua takwimu. Walikwenda vijana kumi na mmoja na yeye. Mwalimu, binti mmoja aitwaye Janelle, aliwaambia kila mtu achague kitu anachokipenda, akihesabu mwenyewe mpaka kiseme. Wengi walichagua mpira wa kikapu. Ernestine alifika na boksi la viatu limejaa vijitabu vya mazishi, vile vinavyogawiwa kanisani, vyenye picha ya marehemu na ukoo wake.

"Bibi, hivi si vitu vya msiba?" Janelle aliuliza.

"Ni vitu vyetu. Mtu mweusi wa kisiwa hiki huandikwa vizuri siku moja tu, nayo ni siku ya kuzikwa. Nataka kujua tulijiitaje."

Akapita nyumba kwa nyumba. Wanawake wakafungua Biblia na makabati, wakampa. Kila marehemu akapata mstari wake kwenye jedwali: jina, mwaka, wazazi, watoto, wajukuu. Cyrus, ambaye shule aliiacha na miaka tisa, alikaa upande wa pili wa meza akipanga vijitabu kwa miaka. Maneno marefu yalimshinda, lakini tarakimu alizijua.

Ndipo kanisa likaamua kusimamisha jiwe moja kubwa kwa ajili ya wote waliozikwa bila alama. Mchungaji Gadsden akamwomba Ernestine alete orodha. Aliisoma mbele ya kamati, na kabla hajafika nusu, mjane mmoja, Bi Louvenia Mack, alianza kucheka mpaka akatoa leso.

"Ernestine, mume wangu umemzika mara mbili. Mimi mara moja ilinitosha."

Kweli. Solomon Mack alikuwa mstari mmoja, na Bilo Mack mstari mwingine. Kisiwani mtoto hupewa jina la kapuni akiwa bado mchanga wa kulazwa kikapuni, na hilo ndilo analoitwa mpaka kufa. Jina la cheti cha kuzaliwa hukaa kwenye karatasi kama nguo ya sikukuu. Ernestine, mzaliwa wa hapo hapo, hakuliwaza hilo. Alikuwa ameongeza watu thelathini na wanane wasiokuwepo.

Kamati ikaogopa. Ikaamua kwamba jiwe litachongwa majina ya cheti tu, pamoja na mwaka wa kufa, na orodha itafungwa Jumapili ya mwisho ya Agosti.

Cyrus alimtangulia mkewe njia nzima ya kurudi nyumbani. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, na alimjua kwa jina moja: Bina. Baba yake baada ya mazishi hakumtaja tena. Hata kwenye cheti cha Cyrus mkunga alisema Bina, ikaandikwa Bina. Mara mbili Cyrus alikwenda ofisi ya kaunti, mara mbili akaambiwa hakuna Bina Chisolm aliyekufa. Sasa mama asingekuwepo hata kwenye jiwe, na kosa lililomfungia mlango lilikuwa la mkewe.

"Sema kitu," Ernestine alimwambia jikoni.

"Niseme nini? Kamati imeamua."

"Nitukane basi, nijue moja."

"Kula."

Ernestine aliivunja safu ya majina ikawa mbili, ya cheti na ya kapuni, akarudia kila mstari. Ilimchukua wiki sita. Asubuhi moja katikati ya Agosti akaita.

"Njoo uone. Usinigusie meza."

Aliwatafuta wana wa kiume wa kwanza wa kila nyumba, kisha binti wa kwanza wa kila mmoja wao. Walikuwa tisini na watatu. Pale ambapo binti alikuwa na jina la cheti la bibi mzaa baba, alipaka kijani. Mistari sabini na mmoja ilikuwa ya kijani. Rangi ilishuka kutoka juu ya kioo cha kompyuta hadi chini, miaka mia moja na zaidi.

Cyrus aliishika kofia yake kifuani bila kujua.

"Nani aliwaambia wafanye hivi?"

"Hakuna. Kila nyumba inadhani ni yake peke yake." Akamgeukia. "Hezekiah kaka yako ndiye mwana wa kwanza wa Bina. Binti yake wa kwanza nani?"

"Tumpy."

"La cheti, Cyrus."

Cyrus alimbeba Tumpy mabegani alipokuwa mtoto. Jina hilo hakulijua. Hezekiah naye alishakufa. Wakampigia simu Tumpy mwenyewe, aliyekuwa akiishi mjini Savannah.

"Tumpy, mwanangu, jina lako la cheti nani?"

"Ba'mdogo, umekunywa?"

"Jibu."

"Evalina. Kwani nani kafa?"

"Nani alikupa?"

"Babu. Baba alisema babu alikuja, akalisema jina, akaondoka bila hata kula."

Cyrus akampa mkewe simu.

"Usishangilie bado," Ernestine alimwambia. "Sabini na moja si tisini na tatu. Hilo ni tumaini, bado si mama yako."

Kesho yake katika ofisi ya kaunti karani alitafuta, akamgeuzia Cyrus karatasi. Evalina Chisolm, miaka ishirini na minane, amekufa Machi 1949, na jina la mume lilikuwa la baba yake Cyrus. Alimwomba karani asome mara tatu. Nje alikaa garini bila kuliwasha. Miaka hamsini na mitatu jina la mama yake lilikuwa linakuja kwao kula kila Krismasi, linacheka, linaomba kuongezewa wali, na hakuna aliyelitambua mpaka mpishi wa shule alipolihesabu.

Jiwe lilisimamishwa Septemba. Watu walipoondoka Cyrus alibaki, kidole kwenye herufi ya kwanza. Alitaka kumsalimia mama yake, ila hakujua aanzeje na jina lile geni. Ernestine, aliyekuwa akipangusa vumbi la mchongaji kwa upindo wa gauni, alisema hivi:

"Mwite Bina. Hili ni la jiwe. Lile ndilo atakaloitikia."