Risasi Zilizovalishwa Mahameli

Mume wangu ni mwindaji wa ofisi ya wanyamapori. Nyati akianza kusumbua mashambani, yeye ndiye anayetumwa. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi hiyo na bunduki ya 375, magnum ya kawaida, yaani bunduki ya risasi nzito, ambayo risasi zake huzikosi katika duka la silaha. Kisha mwindaji mmoja mstaafu akamwachia magnum ya aina adimu, pamoja na risasi kumi na moja. Tangu siku hiyo mwanamume akavimba kichwa.

Risasi zenyewe hazikupatikana popote. Kila alikouliza, mwenye duka alikuna kichwa. Basi akazitunza. Mimi ni fundi cherehani. Akaniibia vipande vya mahameli, akazivalisha moja moja na kuzipanga ndani ya kopo la biskuti. Mimi mwenyewe sijawahi kufunikwa hivyo nikiwa na homa. Kazi ndogondogo aliendelea kuzifanya na 375. Ile adimu hakuifyatua hata mara moja kwa miaka miwili, eti inasubiri nyati wa maana.

Asubuhi moja ofisi ikapiga simu. Nyati aliyejeruhiwa na mtego wa waya amejificha kichakani, karibu na njia ya kisimani. Nyati wa namna hiyo hakukimbii, anakusubiri. Mume wangu akachukua kopo la biskuti. Mimi nikachukua buti zake, nikazikalia.

“Mama watoto, gari linanisubiri.”

“Acha lisubiri. Hiyo bunduki umeipiga lini?”

“Risasi zake si za kuchezea. Nitatoa wapi nyingine?”

“Na mimi nitatoa wapi mume mwingine?”

Nilimtolea uvivu: haendi popote mpaka apige mbili kwenye ubao wa shabaha, nami nikiona. Akaogopa dereva asije akasikia, akakubali.

Uwanja wa shabaha uko nyuma ya ofisi yao. Risasi ya kwanza ilipiga tuta la udongo, mbali na ubao. Akasingizia upepo, na hakuna jani lililokuwa likitikisika. Ya pili ikatoa mlio mdogo tu, ta! Basi. Akaacha mtutu umeelekea ubaoni, akasubiri kitambo isije ikalipuka kwa kuchelewa, ndipo akaitoa. Kitako cha risasi kilikuwa kimegongwa sawasawa na pini ya bunduki. Risasi ilikuwa imekufa kwa uzee, ndani ya mahameli yangu.

Tukatazamana. Nilikiona kile kichaka, na nyati, na ule mlio mdogo. Akaingia ofisini, akatoka na 375 na pakiti mpya, akapiga tatu. Zote zilikaa katikati, ungeweza kuzifunika kwa kiganja. Akaondoka.

Siku hiyo nilishona suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Alasiri gari likarudi. Akashuka kwa miguu yake mwenyewe, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniambia nyati alimtokea umbali wa hatua kumi na tano na risasi mbili zikatosha. Nikashusha pumzi niliyoibeba tangu asubuhi. Nikalia kwa furaha, kisha nikamgombeza kwa kunichafulia sakafu.

Bunduki adimu na risasi tisa zilizobaki alizikabidhi ofisini. Mahameli alinirudishia, yamekunjwa vizuri. Siku hizi kila mwisho wa mwezi huenda kupiga ubao na 375 yake. Akirudi hulalamika amepoteza risasi ngapi, nami humwambia arudie kuzitaja, moja moja, kwa raha zangu.