Mpangaji wa Pua Yangu

Juzi, katika maabara ya Butembo ninapofanya kazi, niliona kwenye hadubini vijidudu vya zambarau vimeshikana kama kahawa tawini. Vilitoka puani mwa mtoto mzima kabisa. Mara nikasikia harufu ya mikaratusi ya kwetu Vuhovi.

Nilipokuwa mtoto huko, alasiri moja goti langu lenye kidonda lilivimba, likanuka usaha. Nilikuwa na tabia ya kuchokonoa pua, kisha kukuna kidonda. Muuguzi akaniambia, "Kavira, ule mududu anaishi mu pua yako siku zote, hapana kusumbua. Lakini ukimuingiza mu kidonda, anakuwa mubaya."

Nikaelewa kwamba nina mpangaji wa kufukuza. Nyumbani nilijaza majani ya mkaratusi puani, nikapiga chafya mpaka kuku wakatawanyika. Mama, aliyekuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaachia mchi kwa kicheko.

"Mwache akae kwake," akasema, akininawisha vidole kwa sabuni. "Weye usimufungulie mulango."

Dawa ya muuguzi ikafanya kazi, goti likapona. Nikarudi kukimbia mteremkoni, nikiwashinda kaka zangu.

Ndiyo maana juzi, kwenye hadubini, nilimtazama mpangaji wangu wa zamani kwa raha. "Kumbe ni weye!" nikasema kwa sauti, wenzangu wakageuka. "Leo ni miye niko nakuangalia."