Mawe Mekundu ya Banio

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa maji alinishusha korongoni, juu ya Kwa Sadala, kwenye banio. Hapo ndipo maji ya mto yanapoingizwa kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji ya kunywa na ya kunyweshea migomba. Akaniambia, "Gusa." Nikagusa jiwe jekundu, kama lililomwagiwa damu. Wekundu ule haukuteleza wala haukubanduka kwa ukucha.

"Huo ni mwani," akasema. "Ndugu zake wengi wako baharini. Huu umependa mto wa baridi, kivuli na maji safi. Ukipigwa na jua, kwisha."

Miaka ikapita: nilipelekwa Mabogini kwenye mpunga, kisha Bomang'ombe ofisini, hatimaye nikarudi banioni nikiwa msimamizi. Kila asubuhi niliangalia mawe kabla ya kujaza chupa za sampuli; yakiwa mekundu, nilijua maji ni safi.

Ndipo tukaletewa Meneja wa Mradi. Banio lilikarabatiwa, mgeni rasmi akawa anakuja kulizindua.

"Mawe gani haya machafu?" Meneja akauliza. "Yasuguliwe. Na hii mikuyu ikatwe, kamera zipate mwanga."

Nikamweleza yote. Akacheka. "Mzee, mwani haukati utepe."

Ujanja wake ulikuwa huu: aliitisha msaragambo. Kwetu msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, haukataliwi na mtu. Watu walikuja na mashoka na brashi za waya. Nilimkuta Mama Aikande, jirani wa banio, ameinama juu ya jiwe.

"Mama, acha, unaua maji!"

"Nikiacha wataniita mvivu, baba. Msaragambo hauulizwi sababu."

Niliumia, kwa sababu desturi nzuri ya wazee wetu ndiyo iliyotumika kutuumiza.

Mgeni alikata utepe akaondoka. Jua likaingia. Mawe yakawa ya kijivu, halafu yakafunikwa na utelezi wa kijani, maji yakaanza kunuka. Mama Aikande akawa anayachuja kwa kitenge. Meneja akapandishwa cheo.

Nimestaafu, na hasira haijastaafu. Mkuyu hukatwa asubuhi moja, lakini kivuli chake husubiriwa na wajukuu. Vijana mnaoingia kazi hii, bishaneni mapema, tena kwa sauti.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Meneja alikuja akanisifu kwa kuacha banio safi kuliko yote. Nikamtengea glasi ya maji ya banio lile. Akaitazama, akamwita mhudumu, akaagiza ya chupa.