Msharasi Umegoma

Mama wa meza ya kuchambua taka za sigara za umeme, huko karakanani, amehangaika na zana za kutobolea mpaka basi. Msumari uliteleza ukamchoma kidole, drili ikayeyusha plastiki. Mwishowe akaazima msharasi wa fundi viatu, nao unazama bila ubishi. Kila akitoboa katriji, kile kichupa cha maji ya kuvuta, hugeuza uso, asije akarukiwa machoni, kisha huyamwaga yale maji yenye harufu ya pipi na kufyonya. "Watoto wa watu wanavuta uchafu huu!" Leo ameshika moja iliyotafunwa mdomo upande mmoja, sawasawa na kalamu zote za mwanawe. Anaigeuza, anaigeuza tena.

"Vipi dada, msharasi umegoma?" anauliza mwenzake.

"Umegoma," anajibu, na kuitia katriji mfukoni, nzima.