Nilisimulate network ya Gachoka, siku ya soko ikaniumbua

Wakuu, salamu kutoka Majimbo, Embu. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni engineer kwa kampuni ndogo ya kupima network. Contract yangu ilikuwa inaisha. Bosi akaniahidi nikisimulate vizuri network mpya ya Gachoka, yaani niiigize kwa laptop kabla haijawashwa, ananipa kazi ya kudumu.

Network yenyewe ni hivi: badala ya kila mnara kujiamulia mambo yake, yote inaongozwa na ubongo mmoja ulio mbali. Mimi nilikuwa napima signalling, yaani zile jumbe minara hupeana kabla simu yako haijalia. Huyu yuko wapi, laini ni yake kweli, mfungulie njia.

Kwa laptop nikaunda wateja. Watu wa heshima sana. Anapiga, anapokewa, anaongea, anakata.

Graph zote zikawa kijani. Client, kampuni ya simu yenye minara, akapiga makofi, tukala kuku. Nikaanza hata kuulizia bei ya sofa.

Trial ikafanywa siku ya soko, wanunuzi wa ndengu wakiwa wamejaa Gachoka.

Wakuu, signalling ilipanda hadi ikatoboa graph, ubongo ukazima. Na waliokuwa wakiongea kwa simu hawangejaza hata kanisa dogo.

Bosi akakodolea screen macho. "Hawa watu wako wanaongeanga saa ngapi?"

Network iliporudi, simu yangu ikalia mara moja, ikakatika. Mama, kutoka soko hilo hilo.

Hapo nikaelewa, na nikaona aibu. Mbeere nzima ilikuwa ina-flash, yaani kupiga na kukata kabla mtu hajapokea. Mkulima ana-flash mnunuzi, mnunuzi ana-flash mwenye lori, kila mtu anangoja apigiwe yeye. Minara inahangaika kutafuta watu wasio na nia ya kuongea. Mimi nimelelewa na hizo flash, na kwa laptop sikuweka hata moja.

Ripoti ya bosi ilisema system iko sawa, shida ni tabia ya wateja, wafundishwe kupiga simu. Client akakubali.

Mimi nikabaki kungoja jibu la kazi. Juzi nikiwa nafua nguo, bosi akani-flash. Na ile gari kubwa anaendesha!

Nikampigia kwa credit yangu ya mwisho.

"Pole bwana, hatuta-renew," akasema. "Lakini umefanya vizuri kupiga."

Funzo: ukiunda watu kwa laptop, waunde pamoja na ubahili wao. Anza na wa bosi.

Nani mwingine hapa amejilipia kupewa habari mbaya? Semeni. Na mwenye kujua kazi mahali anipigie, lakini aongee.