Taa ya Breki Ilipogoma

Mjukuu wangu wa kike anaendesha pikipiki. Nalisema hili kwanza kwa sababu hapa Milola wapo wanaolitaja kwa sauti ya chini, kama vile mtoto ameugua. Mimi nalitaja kwa sauti ya juu. Aliinunua kwa ufuta wake mwenyewe, misimu miwili ameinama shambani. Akatafuta leseni akaipata, na sasa anabeba watu na mizigo mpaka Lindi mjini, siku nyingine mpaka Sudi kufuata samaki. Kijiweni mwanamke ni yeye peke yake. Wiki ya kwanza wanaume walimcheka. Wiki ya pili akina mama wakaanza kumpigia simu yeye badala yao, na kicheko kikakauka.

Basi masika ya mwaka huu ofisi moja mjini ikatangaza kwamba inatafuta waendesha pikipiki wa kupeleka chanjo kwenye zahanati za vijijini. Kazi ya mshahara, siyo ya kukaa juani kungoja abiria. Sharti lao: uje na pikipiki yako ikaguliwe. Breki, honi, taa zote. Ukaguzi siku moja tu, na saa sita mchana wanafunga. Mjukuu wangu akapeleka jina, wakamwambia aje. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Sikungoja kwanza apate. Ndivyo nilivyo.

Siku yenyewe, saa moja asubuhi, aliitoa pikipiki uani akaifuta matope. Akajaribu honi, ikalia. Indiketa zikakonyeza, kulia na kushoto. Kisha akaniita.

"Mke mwenza! Njoo ukae hapa ukanyage breki, mimi niangalie nyuma."

Ananiita hivyo tangu mdogo, maana marehemu babu yake alikuwa akimwambia kwamba atamwoa. Nikafunga kanga yangu vizuri, nikapanda.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Bibi, hiyo gia. Breki iko mguu wa kulia."

Nikahamia kulia. "Haya, nimekanyaga mpaka goti linalia. Inawaka?"

"Haiwaki. Bana ya mkononi."

Nikabana. Haikuwaka. Nilimgeukia, nikamwona amechuchumaa, uso wake karibu ugusane na ile taa. Taa ndogo nyekundu ya nyuma, ile ya kukufanya uonekane gizani, ilikuwa inawaka. Iliyogoma ni ile kali, inayotakiwa kumwambia aliye nyuma yako kwamba unasimama.

Akampigia fundi. Fundi wetu alikuwa kwenye maziko kijiji cha jirani, tukamsikia anaongea kwa kunong'ona.

"Nisubiri, dada, nisogee pembeni. Enhe. Honi inalia?"

"Inalia."

"Basi fyuzi nzima. Taa ndogo ya nyuma?"

"Inawaka."

"Breki ya mkono na ya mguu, zote haziwashi?"

"Zote."

"Sikiliza. Kila breki ina swichi yake. Haziwezi kufa mbili kwa pamoja. Ugonjwa uko mbele ya hapo, waya zao zinapokutana kwenda nyuma. Fungua kiti, utaona plastiki nyeupe ya kuchomeka waya. Anza hapo." Halafu akasema, "Wanabeba jeneza," akakata.

Mjukuu akaingia ndani kuchukua spana. Mimi nikabaki juu ya pikipiki, nimekishika kiti kwa mikono miwili.

Chini ya kiti kile kulikuwa na kitu changu.

Pikipiki ilipofika kwetu mpya, watu walijaa uani. Wanaishika, wanaipapasa, "nzuri, nzuri", na hakuna hata mmoja aliyesema mashallah. Mimi nimelelewa kuogopa jicho. Mama yangu alifunga chumvi ya mawe na habasoda kwenye kitambaa cheusi, akaweka chini ya godoro la bibi harusi, juu ya mlango, kwenye kapu la mbegu. Mjukuu aliniambia siku ileile, mbele ya wageni, "Bibi, mambo ya dawa kwenye pikipiki yangu sitaki." Nikamwitikia. Alipolala mchana, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikapapasa mpaka nikapata kishada cha waya, nikafunga kitambaa changu hapohapo. Chumvi nzito, ya kwenye mashimo ya pwani. Na kila nilipopapasa nikakuta imepungua, niliongeza.

Sasa akafungue kiti, akione? Asubuhi ya safari? Nilijiambia ataghadhibika, aondoke na hasira barabarani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu.

Aliporudi na spana nikamwambia, "Kiti kiache. Anza na glopu."

"Fundi kasema kiti."

"Fundi yuko makaburini, akili zake ziko kwa marehemu. Mtu wa kwenye simu anaona nini? Glopu ndiyo inayowaka, basi glopu ndiyo iliyokufa. Hata mimi ambaye sikumaliza darasa la nne nalijua hilo."

Akanitazama. Ni mtoto aliyefundwa, hanibishii. Akafungua taa ya nyuma, akaitoa glopu, akaitazama kwenye mwanga: nyuzi zote mbili nzima. Nikasema macho yanadanganya, nenda dukani kachukue mpya. Akaenda. Duka limefungwa, mwenyewe yuko kwenye maziko yaleyale. Akazunguka mpaka kijiweni, akaazima ya mwenzake. Akarudi nayo mbio, akaiweka. Nikakanyaga. Haikuwaka.

"Swichi basi," nikasema. "Ya mguuni ina tope."

Akalala chini kwenye tope, akachomoa waya mbili za swichi, akazigusanisha. Haikuwaka. Akaenda kwenye mkono, akafanya vilevile. Haikuwaka. Jirani yangu, mama wa upande wa pili, akapita na ndoo kichwani.

"Shoga, uzeeni ndiyo unaingia bodaboda?"

"Panda nikupeleke kisimani, kama mumeo hana wivu!"

Alicheka, nami nikacheka, na kicheko changu kilikuwa na ladha ya shubiri. Jua lilishapanda juu ya paa. Mjukuu wangu alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, shati alilolipiga pasi ya makaa tangu jana lilikuwa limekwisha, na mimi niliyemchafua nimekaa juu kama malkia.

Akajitengenezea taa ya kupimia, glopu ile nzima na vipande viwili vya waya. Akagusa hapa, ikawaka. Akagusa kule mbele, ikawaka. Akagusa nyuma, giza. Akakaa kitako akafikiri: umeme unafia katikati, chini ya kiti. Halafu akashika spana.

"Bibi, shuka."

"Bolti za keria inayoshika kiti zina kutu, zitakukatikia."

"Bibi."

"Nini?"

"Kuna nini chini ya kiti?"

"Kiti."

"Chini ya kiti, bibi."

Nikashuka. Nimezalisha wanawake wa mtaa huu kwa mikono hii, nimemzika mume, nimefukuza nguruwe pori shambani kwa kigongo. Lakini kukaa pale nikimwangalia akilegeza bolti moja baada ya nyingine kulinishinda. Niligeukia ukuta.

Kiti kikatoka. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Oh."

Nikageuka. Kitambaa changu kilikuwa kimekauka kikawa kigumu kama ganda la kaa. Maji ya chumvi yalikuwa yametiririka masika yote, yakaingia kwenye ile plastiki nyeupe. Haikuwa nyeupe tena. Waya mmoja ulikuwa na unga wa kijani, akaugusa kwa kidole, ukakatika wenyewe, kama ubua mkavu. Chini ya godoro chumvi hukaa kavu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba chini ya kiti cha pikipiki mvua huingia, wala kwamba chumvi hula shaba. Nani angeniambia? Nilificha.

"Ni kwa ajili ya jicho," nikasema.

Alikitoa kitambaa kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya tofali, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Heri angekitupa.

"Nishike wapi?"

"Usishike kitu, bibi."

"Nikuletee kisu?"

"Ninacho."

"Nifanye nini basi?"

"Kaa."

Nikakaa. Akakata sehemu iliyooza, akaumenya waya kwa meno, akasokota ncha mbili, akakosa tepu, akazungushia kipande cha mfuko wa nailoni. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi aunge tena. Kila alipofuta jasho nilitaka kumfutia mimi, na kila nilipoinua mkono niliurudisha. Mwisho akasema bila kunitazama, "Kanyaga."

Nikakanyaga. Nikaona wekundu umemwagika kwenye ukuta wa chokaa nyuma yetu. Nikaachia, ukatoweka. Nikakanyaga tena.

"Inatosha, bibi. Utamaliza betri."

Ilikuwa saa tano imeshapita. Alinawa uso tu. Aliondoka na shati lilelile, na barabara yetu masika si ya kukimbilia. Nikabaki uani nikisikiliza mlio mpaka ukapotea, kisha nikaendelea kusikiliza pasipo na mlio. Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikaswali, nikaomba geti la ile ofisi lichelewe kufungwa, nikajiona mjinga, nikaomba tena.

Simu ikalia saa saba.

"Wamefunga, bibi."

"Wamekutazama hata kidogo?"

"Mkaguzi alikuwa anapanda gari. Akaniambia nishike breki. Ikawaka. Akasema, dada, taa yako nzuri, lakini orodha imejaa na imeshasainiwa."

"Nipe nizungumze naye! Nitamwambia ni mimi."

"Ameondoka. Na ungemwambia nini, bibi?"

Nikaishusha simu sikioni. Mimi, ambaye mtaa mzima unajua sikosi neno.

Alirudi alasiri na abiria aliyempata njiani, akamshusha, akaingiza pikipiki, akanawa. Nilikuwa nimempikia ugali na kisamvu cha nazi. Akala. Kwetu sisi wakubwa hatuombi radhi kwa wajukuu kwa kinywa. Tunaombea kwa kipande kizuri cha samaki, kwa kanga mpya sikukuu ikifika. Siku ile niliona hayo yote ni ya kujificha, na kwa kujificha nilikuwa nimeshamaliza. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mjukuu wangu, kazi yako nimeipoteza mimi. Nisamehe."

Akatafuna. Akameza.

"Nimekusikia, bibi," akasema. "Kesho alfajiri nina mtu wa Sudi. Niamshe."

Hakusema amesamehe. Alisema amesikia, nami sikuwa na uso wa kudai zaidi.